Jackie Robinson: Ukimya Uliokuwa na Kikomo

Dunia ina desturi ya kuwakumbuka mashujaa wake nusu nusu. Huichukua ile sehemu ya maisha yao isiyomkera mtu, ikaisifu na kuitundika ukutani, na sehemu iliyobaki ikaiacha gizani. Ndivyo alivyotendewa Jackie Robinson, Mmarekani mweusi aliyefariki tarehe 24 Oktoba 1972, ambaye alikuwa mtu mweusi wa kwanza katika karne ya 20 kucheza besiboli katika ligi kuu za nchi yake. Husifiwa kwa kuwa mwaka 1947 alitukanwa akanyamaza, akakanyagwa akanyamaza. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini yatupasa kuitazama vizuri, maana mwenye kumsifu mnyonge kwa uvumilivu wake tu, mara nyingi hupenda uvumilivu huo usiwe na mwisho. Robinson alinyamaza kwa mapatano, kwa kusudi, na kwa muda maalumu. Muda ulipokwisha alisema, wala hakunyamaza tena mpaka kufa kwake.

Huenda msomaji wetu wa Singida akauliza mchezo wa Wamarekani unamhusu nini. Na afikiri kidogo juu ya uwanja mkubwa wa mji wake. Uwanja huo, uliojulikana miaka mingi kwa jina la Namfua, siku hizi unaitwa Liti, jina la mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani. Waingiao humo kutazama kandanda hupita chini ya jina la mtu aliyekataa kuonewa. Besiboli nayo inalo jina la namna hiyo, ila limeandikwa kwa tarakimu: ni namba 42, iliyokuwa mgongoni mwa Robinson. Tangu mwaka 1997 hakuna timu ya ligi kuu inayoruhusiwa kumpa mchezaji mpya namba hiyo, na kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote, weusi kwa weupe, huivaa kwa siku moja. Heshima kubwa kiasi hicho haikuja bure.

Jack Roosevelt Robinson alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 karibu na mji mdogo uitwao Cairo, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walilima katika shamba la mzungu kwa kugawana naye mavuno, kazi ambayo kwa watu weusi wengi ilikuwa utumwa uliobadilishwa jina tu. Baba aliiacha nyumba Jackie akiwa mtoto mchanga. Mama, Mallie, akawachukua watoto wake watano mwaka 1920, akapanda nao gari moshi hadi Pasadena katika jimbo la California, akawalea kwa kazi za nyumbani kwa watu.

Mapema sana kijana huyo aliona jinsi nchi yake ilivyowalipa watoto wake weusi. Kaka yake Mack alikimbia katika michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, akashika nafasi ya pili katika mita 200 nyuma ya Jesse Owens, akarudi nyumbani na medali ya fedha. Kazi aliyoipata mjini kwake ilikuwa kufagia barabara. Jackie mwenyewe aliingia chuo kikuu cha California kilichopo Los Angeles, akakiwakilisha chuo katika michezo minne: kandanda ya Kimarekani, mpira wa kikapu, riadha na besiboli.

Vita vikaja, naye akaingizwa jeshini mwaka 1942, akapata cheo cha luteni. Hapo ndipo wale wanaodhani alikuwa mpole kwa maumbile wanapaswa kusimama na kusoma. Tarehe 6 Julai 1944, katika kambi ya Hood huko Texas, dereva wa basi la jeshi alimwamuru aende kukaa viti vya nyuma kwa sababu ya rangi yake. Alikataa. Alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi, akajitetea, na mwezi wa Agosti akaachiliwa bila hatia. Huyo ndiye mtu ambaye miaka mitatu baadaye alitakiwa asijibu neno. Hakuwa mtu asiyejua kukasirika, bali alikuwa mtu aliyeijua hasira yake, akaifungia ndani mpaka saa yake ifike.

Inafaa tuueleze mchezo wenyewe kwa ufupi. Katika besiboli kila upande una watu tisa. Mrushaji huutupa mpira mdogo, mgumu kama jiwe, na mpigaji wa upande wa pili hujaribu kuupiga kwa rungu. Akiupiga vema hukimbia kuzunguka vituo vitatu vilivyopangwa uwanjani na kurudi pale alipoanzia, mahali paitwapo nyumbani. Akifika salama, timu yake hupata alama moja. Mwenye mbio na akili aweza pia kuiba kituo, yaani kukimbilia kituo cha mbele mrushaji anapoutupa mpira, bila kungoja mpira upigwe. Katika wizi huo halali Robinson alikuwa bingwa.

Tangu miaka ya 1880 wenye timu kubwa waliwafungia mlango watu weusi. Haikuwapo sheria iliyoandikwa. Yalikuwapo mapatano ya kimya kati ya wenye mali, na kwa muda wa miaka sitini mapatano hayo yalikuwa na nguvu kuliko sheria, kwa kuwa kisichoandikwa ni vigumu kukishtaki. Watu weusi wakaunda ligi zao wenyewe, zilizojaa wachezaji hodari, na mwaka 1945 Robinson akajiunga na mojawapo ya timu hizo, Kansas City Monarchs.

Tarehe 28 Agosti mwaka huo aliitwa Brooklyn, New York, kwa Branch Rickey, mkuu wa timu ya Dodgers. Rickey alitaka kuuvunja ukuta. Wasifu wengine humwonyesha tajiri huyo kama mtu aliyeongozwa na dhamiri pekee. Dhamiri aliyokuwa nayo hatuikatai. Lakini alijua pia kwamba wachezaji weusi wangeiletea timu yake ushindi, na kwamba watazamaji weusi wangelipa viingilio. Tena hakuanza peke yake. Magazeti ya watu weusi na magazeti ya wafanyakazi yalikuwa yamepiga kelele kwa miaka mingi, na mwaka huohuo wa 1945 jimbo la New York lilitunga sheria ya kukataza ubaguzi katika ajira. Mlango uligongwa na mikono mingi kabla mkono mmoja haujaufungua.

Rickey alimweleza Robinson waziwazi matusi atakayokutana nayo, akamtaka aahidi kwamba hatajibu. Akipigana uwanjani mara moja tu, wapinzani wangepata hoja waliyoitafuta, nao wangesema watu weusi hawawezi kucheza pamoja na weupe, na mlango ungefungwa tena. Robinson akakubali. Mwaka 1946 alipelekwa Montreal, Kanada, katika timu ndogo ya Dodgers. Mechi yake ya kwanza, tarehe 18 Aprili huko Jersey City, alipiga mapigo manne mazuri katika majaribio matano, moja likavuka ukuta wa uwanja, akaiba vituo viwili, na timu yake ikashinda. Mwisho wa mwaka alikuwa mpigaji bora wa ligi hiyo, na Montreal wakachukua ubingwa.

Sasa tufike mwaka 1947, ambao ndio moyo wa habari hii. Kabla ligi haijaanza, Dodgers walikwenda kufanya mazoezi Cuba na Panama. Huko baadhi ya wachezaji wa Brooklyn, wengi wao wakiwa watu wa majimbo ya kusini, walianzisha karatasi ya kutia sahihi kumkataa mwenzao mweusi. Hapa wafanyakazi watazame kwa makini. Wachezaji hao nao walikuwa waajiriwa, waliofungwa kwa mikataba isiyowaruhusu kuhama timu ila kwa hiari ya mwenye mali. Badala ya kuungana kuidai haki hiyo, waliungana kumzuia mfanyakazi mwenzao asipate kazi. Hivyo ndivyo ubaguzi unavyomfaa tajiri: humfanya maskini amlinde tajiri kwa kumpiga maskini mwenziwe. Kocha Leo Durocher aliposikia aliwaita usiku, akawakemea, na karatasi ile ikafa. Pee Wee Reese, mtu wa Kentucky aliyelelewa katika ubaguzi, alikuwa miongoni mwa waliokataa kutia sahihi. Leo huko Brooklyn ipo sanamu inayomwonyesha Reese ameweka mkono begani mwa Robinson.

Tarehe 15 Aprili 1947, katika uwanja wa Ebbets, Robinson mwenye umri wa miaka 28 aliingia kucheza dhidi ya timu ya Boston. Watazamaji walizidi 25,000, na inakadiriwa zaidi ya nusu yao walikuwa watu weusi. Siku hiyo hakupiga pigo hata moja zuri. Lakini katika kipindi cha saba alipiga mpira mfupi, Boston wakakosea kuurusha, naye baadaye akakimbia hadi nyumbani, akaipatia Brooklyn alama iliyowaweka mbele. Walishinda 5 kwa 3.

Wiki moja baadaye, tarehe 22 Aprili, walikuja Phillies wa Philadelphia. Kocha wao, Ben Chapman, na wachezaji wake walimtolea Robinson matusi ya rangi mfululizo, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye viti vya watazamaji. Robinson alikiri baadaye kwamba siku hiyo alikaribia kabisa kuivunja ahadi yake. Badala yake, katika kipindi cha nane alipiga vema, akaiba kituo cha pili, akafika cha tatu Phillies walipokosea, na mwenzake alipopiga akakimbia nyumbani. Mechi ilikwisha 1 kwa 0, na ile moja ilikuwa yake. Matusi hayo yalizaa jambo ambalo Chapman hakulitazamia. Eddie Stanky, mchezaji mweupe aliyezaliwa Philadelphia na aliyekuwa na makazi Alabama, aliinuka kuwakaripia Phillies kwa kumtukana mtu asiyeweza kujibu. Timu iliyokuwa imegawanyika ikaanza kuwa timu.

Mwezi wa Mei gazeti moja la New York liliandika kwamba wachezaji wa St. Louis Cardinals walikusudia kugoma ili wasicheze naye. Mkuu wa ligi, Ford Frick, alitangaza kwamba watakaogoma watasimamishwa. Cardinals wakacheza. Mwezi huohuo hoteli moja ya Philadelphia iliikataa timu nzima kwa sababu yake. Barua za kumtishia maisha zilifika nyumbani, ambako mkewe Rachel alikuwa na mtoto mchanga.

Aliwekwa kulinda kituo cha kwanza, nafasi ambayo hakuizoea. Nafasi hiyo ina hatari yake: mlinzi huweka mguu pembeni mwa kituo na kunyosha mkono kuudaka mpira, huku mpinzani anamjia mbio na viatu vyenye meno ya chuma. Tarehe 20 Agosti Enos Slaughter wa Cardinals alimkanyaga mguu kwa meno hayo. Robinson alitazama mguu wake, akarudi kwenye nafasi yake, na mchezo ukaendelea.

Kazi yake ya mwaka ule inahesabika. Alicheza mechi 151. Katika majaribio 590 alipiga mapigo mazuri 175. Alirudi nyumbani mara 125, na aliiba vituo 29, idadi iliyowashinda wote katika ligi yake. Alikuwa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya mchezaji mpya bora, iliyoanzishwa mwaka huohuo. Brooklyn walichukua ubingwa wa ligi, na watazamaji zaidi ya milioni moja na laki nane waliingia uwanjani kwao. Mshahara wa mtu aliyeyaleta hayo ulikuwa dola 5,000, kiwango cha chini kabisa.

Ilifuata fainali ya mechi saba kati ya Dodgers na Yankees, ambayo wazee wa New York waliisimulia kwa miaka mingi. Katika mechi ya nne, tarehe 3 Oktoba, mrushaji wa Yankees, Bill Bevens, alikaribia kumaliza mechi nzima bila kupigwa hata pigo moja zuri. Alibakiwa na mtu mmoja tu wa kumtoa. Cookie Lavagetto akaupiga mpira hadi ukutani, wakimbiaji wawili wakaingia nyumbani, na Brooklyn wakashinda 3 kwa 2. Katika mechi ya sita, Joe DiMaggio alipiga mpira mrefu ambao ungesawazisha alama, na mchezaji wa akiba Al Gionfriddo akaukimbilia akaudaka karibu na uzio. Hata hivyo Yankees waliishinda mechi ya saba. Bevens, Lavagetto na Gionfriddo hawakucheza tena katika ligi kuu baada ya fainali hiyo. Kila mmoja alipata dakika yake, ikapita. Robinson hakuwa na dakika ya namna hiyo. Jambo lake lilikuwa siku baada ya siku, mechi 151 za kufanya kazi sawasawa mbele ya watu waliomngojea akosee. Mashujaa wa dakika moja hupigiwa makofi makubwa zaidi, lakini kuta huangushwa na kazi ya kila siku.

Tena ulimwengu wote ulikuwa ukitikisika mwaka ule. Septemba hiyohiyo ya 1947, Dodgers walipokuwa wakiukamilisha ubingwa wao, makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo wao ukaenea bara kwa kufuata reli ya kati, ile ipitayo Manyoni na Itigi. Robinson hakuwajua makuli hao wala wao hawakumjua. Lakini nchi ambayo mshahara na shule za watoto zilifuata rangi ya mtu haikuhitaji kufafanuliwa habari za Brooklyn. Hapa waliweka kazi chini. Kule mtu mmoja aliifanya kazi kwa ubora usioweza kukanushwa. Silaha zilitofautiana, na adui alikuwa mmoja.

Mlango ulipofunguka wengine waliingia. Larry Doby alianza kuichezea Cleveland tarehe 5 Julai 1947, akawa wa kwanza katika ligi kuu ya pili. Hata hivyo timu ya mwisho, Boston Red Sox, ilingoja mpaka mwaka 1959. Na ushindi huo ulikuwa na gharama isiyotajwa sana. Ligi za watu weusi zilinyang'anywa wachezaji wao bora. Monarchs hawakulipwa chochote kwa Robinson. Na katika miaka michache timu hizo, zilizoajiri watu weusi wengi, zilififia na kufa. Kuingia katika nyumba ya mwingine ni haki, lakini ni hasara kubwa nyumba yako ikibomoka nyuma yako.

Mwaka 1949 Rickey alimfungua ahadi yake. Mwaka huo Robinson, akiwa huru kujibu, alikuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Mara magazeti yaliyomsifu kwa unyamavu yakaanza kumwita mkorofi. Mtu hakubadilika, bali muda wa mapatano ulikwisha.

Uhuru wa kusema una mitego yake pia. Julai 1949 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kumpinga Paul Robeson, mwimbaji na mtetezi wa watu weusi. Robinson alikwenda, akayalaani maonevu ya rangi, lakini pia akayakanusha maneno yaliyosemekana kuwa ya Robeson. Magazeti yakaitangaza sehemu ya pili na kuifunika ya kwanza, na mwaka uliofuata Robeson alinyang'anywa pasipoti. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1972, Robinson aliandika kwa heshima juu ya Robeson na kuonyesha kwamba kwa umri wake mkubwa asingeukubali tena mwito ule.

Alisaidia Brooklyn kuchukua ubingwa wa fainali kuu mwaka 1955, akaacha kucheza baada ya mwaka 1956. Hakustaafu katika vita vya haki. Alichangisha fedha za chama cha kutetea haki za watu weusi, alikuwamo katika maandamano ya Washington ya mwaka 1963, na mwaka 1964 alishiriki kuanzisha benki ya watu weusi huko Harlem. Mwaka 1970 alitoa ushahidi mahakamani kumuunga mkono Curt Flood, mchezaji aliyeipinga ile mikataba ya kumfunga mfanyakazi kwa tajiri mmoja.

Afrika Mashariki nayo inamdai shukrani. Mwaka 1959, Tom Mboya alipokuwa akitafuta njia ya kuwapeleka vijana wetu katika vyuo vya Marekani, Robinson alikuwa pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier katika kuwaomba Wamarekani fedha za usafiri. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 waliruka kwa ndege. Na kifungo hicho hakikukatika. Mwanawe wa mwisho, David, alikuja Tanzania katika miaka ya 1980, akafyeka pori na kulima kahawa Mbozi, wilaya ambayo leo imo katika mkoa wa Songwe, akashirikiana na wakulima wenziwe kuiuza kahawa yao wenyewe nje ya nchi. Mjukuu wa mwanamke aliyelikimbia shamba la mzungu huko Georgia akawa mkulima katika ardhi ya Afrika.

Mwisho wa Robinson ulikuwa wa taabu. Mwanawe wa kwanza alijeruhiwa Vietnam, akatumbukia katika dawa za kulevya, akajinasua, kisha akafa kwa ajali ya motokaa mwaka 1971. Baba aliugua kisukari, macho yakaanza kufifia. Tarehe 15 Oktoba 1972 aliitwa Cincinnati kuheshimiwa, miaka 25 baada ya mwaka wake mkuu. Wenyeji walitazamia shukrani. Alishukuru, kisha akaeleza mbele ya umati kwamba bado anangoja kuona mtu mweusi akiongoza timu ya ligi kuu. Siku tisa baadaye alikufa, akiwa na umri wa miaka 53. Kocha mkuu wa kwanza mweusi, Frank Robinson, aliiongoza Cleveland mwaka 1975.

Basi tumkumbuke mzima, si nusu. Tumkumbuke aliyenyamaza mwaka 1947, na tumkumbuke pia aliyekataa kuhama kiti mwaka 1944 na aliyedai zaidi siku tisa kabla ya kifo. Uvumilivu ni silaha, na kila silaha ina wakati wa kutumiwa na wakati wa kuwekwa chini. Mfanyakazi ajifunze kwake kuifanya kazi yake kwa namna isiyompa mwonevu kisingizio. Na ajifunze kwa wale waliotia sahihi karatasi ya aibu kwamba anayemzuilia mwenziwe mlango anaulinda ukuta unaomfunga yeye mwenyewe. Na yeyote atakayewaambia wanyonge wavumilie, na aulizwe kwanza swali moja: mpaka lini?